Chini ya Kola

Mwezi wa Februari, jua la Sekei halina adabu. Mlima huwa umevua mawingu yake yote, majani ya migomba yanajikunja, na mbwa hawabweki hata mgeni akipita. Wanamtazama tu na kumwacha aende zake. Ni katika mwezi huo Elirehema Sumari, mkulima wa kahawa na mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya Kilutheri, alipoonekana akipogoa mibuni yake huku amejizungushia shingoni skafu ya sufu. Skafu yenyewe alirudi nayo kutoka keya, jeshi la Waingereza, vita vilipokwisha. Waingereza waliifuma kwa ajili ya baridi ya kwao, na chini ya jua lile mtu aliyeivaa alitoka jasho mpaka kwenye viwiko.

"Una nini, Elirehema?" watu walimwuliza njiani.

"Koo," alijibu, akipitisha mkono shingoni kwa uchungu mwingi.

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

Walipokwisha kupita waliulizana ni koo gani hilo lisilokohoa, tena linaloimba vizuri kuliko lilivyoimba Krismasi. Kwa maana Elirehema hakuwa mwongo mzuri. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, na watu wa heshima huwa hawapati nafasi ya kutosha kujizoeza uongo.

Ukweli ulikuwa chini ya skafu, upande wa kushoto, wala haukuwa ugonjwa. Elirehema alikuwa maji ya kunde, na juu ya rangi hiyo kitu hakifichiki. Palikuwa na doa jeusi-jeusi, kubwa kama tunda la mbuni lililoiva, na kulizunguka, alama za meno.

Meno yenyewe yalikuwa ya mkewe, Nashilu, binti wa mzee Simel, mfugaji wa Oldonyo Sambu, kule nyuma ya mlima. Walikuwa wameoana miaka miwili. Siku moja katika miezi ile ya mwanzo, wakiwa wawili chumbani, Nashilu alimng'ata begani kwa utani. Mwanamume mwingine angeguta. Elirehema alisema, "Tena."

Neno hilo dogo ndilo lililoleta yote haya. Nashilu aliinua kichwa akamtazama. "Unataka kweli, au unanifurahisha tu?"

"Nataka kweli," akasema Elirehema, akishangaa mwenyewe. Kisha akamwuliza yeye anataka nini, na Nashilu akamwambia, tena bila kuzunguka, maana watu wa Oldonyo Sambu hawazunguki. Alichotaka yeye kilimfaa na alikipata, na zaidi ya hapo si kazi yetu. Wakapatana kama watu wazima. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba anayesema "basi" anasikilizwa papo hapo. Sharti la pili aliliweka Elirehema, akilifikiria shati lake la kwaya.

"Chini ya kola, mke wangu, ni mali yako," alisema. "Juu ya kola ni mali ya kanisa."

Nashilu alicheka mpaka akashika mbavu, lakini sharti alilishika. Mwaka mzima Elirehema aliimba sauti ya nne akiwa na mabega yenye habari nyingi, na hakuna aliyejua. Alikuwa na furaha. Alipoinama kuchimba mashimo ya migomba, shati likamgusa mahali fulani mgongoni, alitabasamu peke yake, na majirani walidhani anawaza bei ya kahawa.

Mpaka ulivukwa siku aliporudi kutoka Moshi, ambako chama cha kahawa kilimtuma juma zima. Juma ni refu kwa watu waliopendana. Haki lazima isemwe: aliyesema "panda juu kidogo" alikuwa Elirehema mwenyewe. Asubuhi Nashilu alimwona kwenye mwanga, akaweka mkono mdomoni.

"Nimevuka mpaka."

"Mpaka nimeuhamisha mimi," akasema Elirehema akicheka. Kisha akajitazama katika kioo kidogo cha ukutani, akaacha kucheka, akaenda kuitafuta skafu.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na mficha uzima, humwumbua mama yake. Ng'ambo ya mfereji wa maji aliishi Mama Lydia, mzazi wa Elirehema, aliyeitwa hivyo kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Aliposikia kwamba mwanawe anaumwa koo, na mkewe yule wa Oldonyo Sambu hajamfanyia lolote, aliyeyusha mafuta ya kondoo, akayatia katika kopo, akavuka.

"Shikamoo, Yeyo," Nashilu alimsalimu. Humwita mama mkwe kwa lugha ya kwao, na Mama Lydia humwitikia kama mtu aliyepewa sahani isiyooshwa.

"Marahaba. Yuko wapi mgonjwa?"

Mgonjwa alikuwa uani, amekaa juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, anakula ndizi choma kwa hamu ambayo koo bovu haliwezi kuielewa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Vua hilo gunia nikupake."

"Nimeshapona, Mama."

"Nani kakuuliza?" Na kabla hajameza tonge, mama yake alishika ncha ya skafu akaivuta, kama alivyomvua nguo za matope alipokuwa mtoto. Halafu kopo likabaki hewani. "Nani kakufanya hivi?"

Elirehema alitafuta jibu. Juu ya bega la mama yake aliona mgomba, aliona ukuta, akamwona punda. Alikuwa punda wao mzee, mpole, aliyebeba magunia ya kahawa yao tangu mavuno ya kwanza, naye alisimama kivulini akitafuna bila kumdhuru mtu.

"Punda," akasema Elirehema.

Nashilu, mlangoni pa jiko, aligeuka polepole akamtazama mumewe, kisha akamtazama punda.

"Punda aliyeonja mtu harudi kwenye majani," Mama Lydia akatamka. "Huyu auzwe. Tena kwanza nimwite Mzee Sadoki amkague, maana huenda ana kichaa, na wewe ukaanza kubweka kanisani." Akaondoka na kopo lake. Mzee Sadoki alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa ukoo pia, na alijua wanyama. Ukimwita kwa jambo moja anakuja na vyeo vyote.

Jioni Elirehema alimkuta mkewe mferejini, anajaza debe.

"Umemsingizia punda," Nashilu alisema.

"Yeye haoni haya."

"Unanionea haya mimi?"

"Sikuonei haya wewe. Naona haya tu."

Nashilu alilitua debe. "Sikiliza. Punda hatauzwa, kwa sababu Mzee Sadoki si mjinga. Akijua ni meno yangu, hawatasema nimependa. Watasema nimekupiga. Na unajua kwenu mke aliyemwachia mume alama anapelekwa wapi."

Elirehema alijua. Katika ukoo wao, mke aliyempiga mumewe alirudishwa kwa baba yake, akae huko mpaka baba alete kondoo dume na kuomba radhi. Na Simel wa Oldonyo Sambu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Binti yake kwenda kwa watu wa kahawa hakukupenda tangu mwanzo. Siku ya harusi alisema mbele ya wote kwamba Nashilu akirudishwa hata siku moja, asitazamiwe kurudi Sekei tena. Simel hakuwahi kusema neno mara mbili, na hakuwahi kulibadilisha.

"Nitafanya nini?" Elirehema akauliza.

"Utasema kweli."

"Mbele ya mama yangu?"

"Ulipokuwa unasema 'panda juu' ulikuwa na sauti," akasema Nashilu, akajitwisha debe akaondoka.

Jumamosi Mzee Sadoki akaja, mwembamba, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alikaribishwa juu ya kichanja. Mama Lydia alisimama, kwa sababu alikuwa mshitaki. Kando yao, juu ya kigoda, alikaa mumewe, Mzee Sumari, akiziba ufa wa mzinga wa nyuki. Watu walidhani Mzee Sumari haisikii dunia vizuri siku hizi. Alisikia sana, alikuwa amechoka kujibu tu.

"Tuone jeraha," akasema Mzee Sadoki.

Skafu ilivuliwa. Mzee Sadoki alitazama kwa karibu, akatazama kwa mbali, kisha akakata uzi wa mgomba, akaupima kwenye shingo ya Elirehema. Halafu akamwendea punda, akamshika taya, akamfungua kinywa, akaulinganisha uzi na meno yake. Punda alitii, nadhani ni yeye peke yake katika boma lile ambaye siku ile hakuwa na cha kuficha.

"Mama Lydia, tazama uzi," akasema Mzee Sadoki. "Kinywa hiki kingeingia katika shingo hii, leo tungekuwa tunakunywa chai ya matanga. Pili, punda ana meno yote ya chini. Aliyeuma hapa, chini katikati hana meno mawili."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Elirehema ilikuwa imeishia mdomoni mwa punda.

Meno mawili ya chini ya mbele waliyang'oa wazee, kwa desturi, tangu mtoto akiwa mdogo. Watoto wa Wakristo wa upande huu wa mlima walikuwa wameacha kung'olewa. Rika la Elirehema lilikuwa na meno yote. Lakini Mzee Sadoki mwenyewe alikuwa na pengo hilo. Mzee Sumari alikuwa nalo. Mama Lydia alikuwa nalo. Kwa kitambo kidogo wazee wote watatu walifunga midomo, kama watu wanaoogopa kushukiwa. Kisha macho yakamwendea Nashilu mlangoni pa jiko. Kule Oldonyo Sambu desturi haikuwa imeachwa, na yeye hakufunga mdomo.

"Nilijua!" Mama Lydia alipasuka. "Nilijua tangu siku ile! Anampiga mwanangu! Anamtafuna kama muwa! Ndiyo maana amekonda!"

"Sijakonda, Mama," akasema Elirehema.

"Nyamaza, mgonjwa hajijui!"

Mzee Sadoki aliinua fimbo. "Nashilu, mwanangu, umemuuma mumeo?"

"Ndiyo, Baba."

"Mligombana?"

Nashilu alimtazama Elirehema. "Muulize yeye, Baba. Shingo ni yake."

Wote wakamgeukia. Hapa ndipo mwanamume angesema, na Elirehema alifungua kinywa. Lakini aliiona kwaya nzima ikigeuka kumtazama. Aliwasikia wenzake wa sauti ya nne wakimpa jina jipya, na jina la Sekei likishampata mtu huzikwa nalo. Alifunga kinywa. Alisema tu, "Ni jambo dogo, Mzee."

"Damu ya mume kuvilia ngozini si jambo dogo," akasema Mzee Sadoki, bila kupenda. "Basi desturi mnaijua. Atarudi kwa baba yake, tungoje kondoo."

Nashilu aliingia ndani, akatoka amejifunga shuka, na mkononi ameshika kibuyu chake cha maziwa, kile chenye shanga alichokuja nacho siku ya harusi. Mwanamke anayekwenda kusalimia kwao hukiacha kibuyu chake kikining'inia ukutani. Elirehema alikiona kile kibuyu. Aliuona ukuta ulivyo mtupu pale kilipokuwa. Akaona chakula cha jioni anachokula peke yake, na shati safi kabisa lisilomgusa mahali popote, mwaka baada ya mwaka. Kwaya ikamtoka kichwani.

"Niliomba mwenyewe!" akasema.

Sauti ya nne ni sauti ya nne. Ilivuka mfereji, na kwenye shamba la jirani jembe lililokuwa linalima likanyamaza.

"Uliomba nini?" Mzee Sadoki akauliza.

"Aniume."

"Kwa kosa gani?"

"Si kwa kosa, Mzee. Kwa mapenzi." Jasho lilimtoka sasa kuliko siku za skafu, lakini alikuwa ameshaingia mtoni, hakuna kurudi. "Hakunipiga. Hajawahi kunipiga. Mimi napenda. Yeye huniuliza kwanza, nami humwambia ndiyo. Nikisema basi, anaacha hapo hapo. Naye ana yake anayoyapenda, nami humwuliza vivyo hivyo. Tulikuwa tumewekeana mpaka, chini ya kola, na aliyeuvuka ni mimi. Kisha nikaona haya, nikamsingizia punda. Mke wangu hana kosa. Kama kuna mtu wa kurudishwa kwa baba yake, ni mimi, na baba yangu ndiye huyo hapo."

Mzee Sadoki alivua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa tena. Vyeo vyake vyote viwili havikumsaidia.

"Na inauma?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba sasa hakuuliza kwa niaba ya ukoo.

"Inauma kidogo."

"Na bado unaomba?"

"Mzee, hata pilipili inauma."

"Ni kweli," akasema Mzee Sadoki, akaanza kuwaza.

Mama Lydia alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Tangu nizaliwe sijapata kusikia mambo kama haya! Mtu na akili zake! Mke na mume! Kuumana! Sisi mambo hayo hatukuyajua, wala hatukuyaona, wala..."

"Lydia," akasema mtu.

Ilichukua muda watu kutambua ni nani. Mzee Sumari alikuwa ameuweka mzinga chini.

"Lydia," alisema tena, "uliacha lini?"

Mama Lydia aliteremsha mikono. "Mzee, kuna watu hapa."

"Nawaona. Nauliza tu. Mwaka ule wa nzige ulikuwa bado hujaacha. Nakumbuka, kwa sababu nilikwenda kufukuza nzige nimejifunika blanketi mpaka masikioni, na Sadoki akaniuliza kama nina homa."

"Uliniambia una homa!" akasema Mzee Sadoki.

"Nilikudanganya." Mzee Sumari hakucheka. Alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizia kitu alichokipoteza siku nyingi, ambacho aliona haya kukitafuta. Elirehema alimtazama baba yake akasikia huzuni. Miaka yote alikuwa amemwona amekaa juu ya kigoda kile, akadhani ni uzee. "Mimi sikukukataza," mzee akasema. "Siku moja uliacha tu. Nikadhani umenichoka."

Jembe la jirani halikurudi kazini. Mama Lydia alitazama chini, akakuta mikono yake imeshika ncha ya kanga, akaikunja, akaikunjua. Sauti yake ilipotoka ilikuwa fupi, wala mwanawe hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Hukuomba tena," alisema.

Mzee Sadoki aliinuka upesi. Kuna mambo ambayo mzee wa ukoo anaweza kuyaamua, na kuna mambo ambayo anatakiwa kuyaondokea.

"Punda hana kosa," alitangaza. "Nashilu hana kosa. Shingo ni ya mwenyewe, na mwenyewe amesema. Kikao kimefungwa." Akachukua fimbo yake, akashika njia ya kwake, na watu waliomwona siku ile wanasema alikwenda haraka kuliko alivyokuja.

Mama Lydia naye alivuka mfereji bila kuaga. Mzee Sumari alimfuata nyuma, amesahau mzinga.

Uani walibaki watatu, ukimhesabu punda. Elirehema alikichukua kibuyu mikononi mwa mkewe, akaingia ndani, akakitundika mahali pake, akahakikisha kimeshika. Alipotoka, Nashilu alikuwa amekaa kwenye kichanja, macho yana machozi na mdomo unacheka, hajui aanze na kipi.

"Sauti yote hiyo," akasema, "ulikuwa umeiweka wapi?"

"Chini ya kola," akasema Elirehema, akakaa karibu naye. Kisha akainuka tena, akaenda kumkatia punda mgomba mzima.

Jina alipewa, kama alivyoogopa. Kwa miezi kadhaa sauti ya nne yote ilimwita Pilipili, maana jirani mwenye jembe hakukosa neno hata moja. Lakini ng'ombe haelemewi na nundu yake. Aliimba akiwa na shingo tupu, na wanawake wa sauti ya kwanza, waliomcheka wakati wa kuingia, walimtazama Nashilu kwa namna nyingine wakati wa kutoka.

Jumapili moja, mwezi wa Machi, kabla mvua haijaanza na jua likiwa lile lile lisilo na adabu, Mama Lydia alisimama mlangoni kwao mapema, amevaa kwa ajili ya kanisa. Alikataa kiti. Alikataa chai. Alitazama ukuta, akatazama kibuyu.

"Ile skafu yako," alimwambia mwanawe, "unaitumia?"

"Hapana, Mama."

"Basi niazime. Baba yako koo linamsumbua."

Elirehema alikwenda kuileta bila neno. Alijua akisema neno atacheka, na mama yake ana kofi. Lakini Nashilu alikuwa ameshatoa kichwa jikoni, na uso wake ulikuwa mtakatifu kabisa.

"Pole yake, Yeyo," akasema. "Niyeyushe mafuta ya kondoo, nimletee?"

Mama Lydia aliichukua skafu, akaikunja vizuri chini ya kwapa. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimtazama mkwewe machoni, na pengo lake la chini likaonekana, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

"Usilete, binti yangu," alisema. "Nitampaka mwenyewe."

Na akavuka mfereji haraka, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.